Kalenda yenye nyuso 12 na somo la kubeti

Mzazi mwenzangu, watoto wa siku hizi wanajua "mkeka" wa kubeti kabla hawajajua mkeka wa ukili. Sisi wa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa ambacho wengi mnakijua kwa gesi inayokwenda Dar es Salaam, hatuko mbali na hayo. Simu zipo na vijana wanabeti.

Katika familia yetu yupo mmoja, mdogo wa mume wangu. Msimu mmoja wa kusi alipewa fedha za kununua nyavu, akaziweka kwenye mechi. Kila mkeka ulipochanika alisema maneno yale yale: "Nimekosa mara nyingi, safari hii lazima." Nyavu hazikununuliwa. Chombo kilikaa pwani hadi mume wangu alipokopa. Kilichonitia hofu zaidi ni binti yangu wa darasa la nne. Alikuwa anamsikiliza baba yake mdogo, na alikuwa anamwamini.

Nilitafuta namna ya kumwonyesha kwamba "safari hii lazima" haina msingi. Mahubiri ameyasikia mengi, kwa hiyo nilichagua kazi ya mikono: kalenda ya karatasi ya kuweka mezani, ambayo pia ni dadu.

Dadu tulilozoea lina nyuso sita. Lipo umbo jingine, linalojulikana tangu kwa Wagiriki wa kale, lenye nyuso 12 zinazolingana, kila uso una pande tano. Miezi nayo ni 12. Kila uso unabeba mwezi mmoja. Ukiliweka mezani, uso mmoja hukaa bapa juu, huo ndio mwezi wako. Ukilirusha, kila mwezi una nafasi sawa ya kutokea.

Vifaa ni karatasi mbili za manila, rula, kipima pembe, mkasi na gundi. Kata kwanza kipande kimoja cha kigezo chenye pande tano za sentimita 5, kila pembe nyuzi 108. Kiweke katikati ya manila, kichore, kisha kichore tena kwenye kila upande wake. Utapata ua lenye petali tano. Fanya hivyo mara mbili, ukiacha vishikizo vya kupakia gundi. Andika tarehe kabla ya kukunja. Ukikunja, ua moja linakuwa bakuli, na mabakuli mawili yanafunikana.

Binti aliuliza kwa nini karatasi inakubali kuinuka. Nilimwambia ajumlishe pembe tatu zinazokutana: 108 mara tatu ni 324. Duara kamili ni 360. Zinapungua nyuzi 36, na pengo hilo likizibwa, karatasi lazima iinuke. Miezi tuliipanga kama dadu la kawaida, ambalo nyuso zinazotazamana hujumlisha 7. Letu hujumlisha 13: Januari inatazamana na Desemba, Juni na Julai.

Hapo ndipo babu yake, baba mkwe wangu, alipoliona. "Dadu haliingii nyumba hii," alisema. Katika dini yetu wanazuoni wengi hukataza michezo ya dadu hata pasipo dau, na mzee alikuwa bado na uchungu wa zile nyavu. Nilimweleza nia yangu. Alinyamaza kidogo, akajibu: "Mkilirusha kwa kuhesabu, ni hesabu. Mkilirusha ili mmoja amshinde mwenzake, litoke nje." Basi mchezo wa kufukuzana niliokuwa nimeupanga tuliufuta. Nilikubali, kwa sababu mashindano madogo ya karanga na pipi ndiyo mlango wenyewe.

Kisha mzee mwenyewe aliomba penseli. Pembeni ya kila mwezi alitaka uandikwe mwezi wa Kiislamu: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kwa penseli, kwa kuwa mwezi ni wa kuonekana. Halafu akazungushia kwa bluu siku za bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji yetu hukauka sana asubuhi kwenye saa nne, na kina mama hushuka miambani kutafuta pweza. Binti alijifunza kuzihesabu mwenyewe. Alisema bamvua fulani litaanguka Jumanne, na likaja.

Baada ya hapo tulianza kurusha. Kwa jioni nne tulirusha mara 120, tukiweka alama kwenye daftari. Kwa wastani kila mwezi ungetoka mara 10. Hadi mara ya 40, Septemba haikuwa imetoka hata mara moja. Binti akasema, "Sasa lazima Septemba." Tukarusha, ikaja Machi. Tukarusha tena, ikaja Julai.

Babu akamuuliza, "Karatasi inajuaje kwamba Septemba haijatoka?"

Hakujibu. Tulipofika 120, Septemba ilikuwa imetoka mara 6 na Mei mara 15. Alizitazama alama zake kwa muda, akasema, "Basi na mechi ya baba mdogo haijui kama jana alikosa."

Kweli, mechi haiko sawasawa na dadu, maana timu nzuri hushinda zaidi. Lakini anayechezesha anajua hilo pia, na hupanga malipo yake akiwa ameshajitengea faida. Hilo nitamfundisha akikua kidogo. Kwa sasa inatosha ajue kuna mambo ya kuhesabu yakaja, kama mwezi na bamvua, na kuna mambo ambayo kuyangoja hakuyaleti.

Baba yake mdogo bado anabeti, ila fedha za chombo hazipiti tena mikononi mwake.

Ukitaka kuijaribu nyumbani kwako, ushauri wangu ni mfupi. Usiweke kitu chochote ndani, maana upande mzito hukaa chini na dadu litadanganya. Mwachie mtoto aandike alama mwenyewe, asome mwenyewe. Rusheni mara nyingi, maana mara 20 hazitoshi kumwonyesha. Ukiwa na mzee nyumbani, mpe penseli. Na dau lisiwepo, hata la karanga.