Na Huyu Anaandikwa?

Kila mwaka Novemba inapokaribia, katibu wa jumuiya yetu hutugawia bahasha za marehemu. Ndani ya kila bahasha mna karatasi, nasi tunaandika majina: babu na bibi, wazazi, watoto wetu, na jirani ambaye hakuacha ndugu wa kumkumbuka. Tarehe 2, siku ya Marehemu Wote, bahasha hizo huwekwa karibu na altare, na Misa huadhimishwa kwa ajili yao. Anayetutazama kwa mbali aweza kudhani tunawalipia wafu nauli ya kwenda mbinguni. Sivyo. Tunakiri kwamba kifo hakivunji undugu. Sisi tulio safarini, wao wanaotakaswa toharani, na watakatifu walio mbele ya Mungu, sote tu Kanisa moja.

Ni rahisi kulisema hilo juu ya bibi aliyekufa akiwa na rozari mkononi, baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya njiani. Lakini si kila kifo huja hivyo. Mwaka mmoja mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na kijana wake, naye kijana alikuwa amejiua. Mazishi yalipita, maneno ya watu yakabaki. Siku ya kugawa bahasha, mama yule alingoja wengi waondoke, kisha akauliza: "Mwenyekiti, na huyu wangu anaandikwa?"

Mzee mmoja aliyekuwapo alisema kwa sauti ya chini kwamba tangu utoto wake alifundishwa kuwa mtu wa namna hiyo haombewi. Hakusema kwa ukatili, alirudisha alichopokea. Na kweli, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa watu waliojiua kwa makusudi. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena kati ya wanaonyimwa.

Je, Kanisa limeona kujiua kuwa jambo dogo? Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba uhai ni amana ya Mungu, si mali yetu ya kutupa tunavyotaka. Lakini inafundisha pia kwamba maradhi makubwa ya akili, uchungu au hofu kuu vyaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa alichotenda. Namba 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wa watu hao: Mungu aweza kuwapa nafasi ya kutubu kwa njia anazozijua mwenyewe, na Kanisa linawaombea.

Tena tukumbuke Maandiko tunayoyategemea tunapowaombea marehemu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuwazika wenzao waliouawa vitani. Chini ya nguo za maiti wakakuta hirizi za miungu ya uongo, vitu ambavyo Torati iliwakataza Wayahudi. Yuda hakuagiza waachwe bila kuombewa. Watu walisali ili dhambi ile ifutwe, kisha akachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya wafu, maana alitumaini ufufuko. Basi wale walioombewa hawakuwa watu ambao kifo chao kilionekana chema. Walikuwa ndugu waliokutwa na kosa mwilini.

Tunaamini kwamba kila mtu akifa husimama mbele ya Kristo na kuhukumiwa. Tunaamini kwamba moto wa milele upo, na kwamba mtu aweza kumkataa Mungu hadi mwisho. Tunaamini pia kwamba anayekufa katika neema bila kuwa safi kabisa hutakaswa, na aliye toharani ana hakika ya kuingia mbinguni. Kanisa limewatangaza watu wengi kuwa watakatifu. Halijamtangaza mtu yeyote kwa jina lake kuwa yuko motoni. Husimuliwa kwamba Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars, alimfariji mjane ambaye mumewe alijiua, akimwambia kwamba mumewe alipata nafasi ya kutubu kabla ya pumzi ya mwisho. Sisi hatuna macho ya Vianney. Ndiyo maana tunaomba.

Pengine mtu atauliza: kama hukumu imekwisha, sala ya leo si imechelewa? Baba Mtakatifu Benedikto XVI aligusa jambo hilo katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007. Alieleza kwamba hakuna anayeishi peke yake wala kuokolewa peke yake, na kwamba wakati wa Mungu haupimwi kwa saa zetu. Sala ya mama inayosemwa leo, Mungu aliijua tangu milele.

Mwenyekiti alimpa mama yule kalamu, naye akaandika. Juma lile tulikwenda naye makaburini, kwa kuwa kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa hutoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa waamini wanaozuru makaburi na kuwaombea, wakitimiza masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo ulioachana na dhambi. Yule mzee alikuja pia, akang'oa majani kaburini.

Wapendwa, kazi ya kuhukumu ina mwenyewe. Yetu ni kuomba, na kuketi karibu na walio hai ambao mzigo umewaelemea, ili wasiubebe peke yao. Ikiwa liko jina unaloogopa kuliandika, liandike.