Ndege Iliyovuta Kushoto

Wapenzi wa lugha, leo naomba mniwie radhi. Mmezoea kunisoma nikizungumzia vina, mizani na maneno yaliyosahauliwa, nami nataka kuanza na ndege. Nivumilieni kidogo, nitarudi nyumbani kabla jua halijatua.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, alikuja kunitembelea likizo akiwa na kipakatalishi cha mama yake. Ndani yake mlikuwa na FlightGear, programu huria ya kuiga urushaji wa ndege, ambayo mtu huipata bila malipo. Ndege inayokuja na programu hiyo ni Cessna 172P: ndege ndogo ya viti vinne, rafadha moja, injini ya nguvu za farasi 160. Kijana anataka kuwa rubani. Wazazi wake hawana fedha za chuo cha urubani, wala mimi na pensheni yangu sinazo, hivyo kwa sasa chuo chake ni kioo kile.

"Babu," akaniambia siku ya pili, "ndege hii mbovu. Kila nikitaka kuruka inavuta kushoto."

Nikavaa miwani nikaketi kando yake. Akaipa injini nguvu zote. Ndege ikaanza kukimbia juu ya mstari mweupe, kisha pua ikaelekea kushoto polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake, na kabla haijafikia mwendo wa kuruka ikaingia majanini. Akarudia mara tatu. Mara tatu majani.

Hapo ndipo aliponionyesha jambo lililonishangaza. Ndege ile, ukiifunua, ni maandishi matupu. Upana wa mabawa, uzito, mahali pa kila gurudumu, nguvu za injini, vyote vimeandikwa katika mafaili ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikiona maandishi yaliyopinda, mkono huniwasha.

Tukaanza kusahihisha. Kuna mstari unaosema rafadha izungukie upande gani: 1 ni kufuata mwendo wa saa, -1 ni kinyume chake. Tukaandika -1, na ndege ikavuta kulia. Tukacheka sana, tukairudisha 1. Kuna namba nyingine, iitwayo p_factor, inayoongeza au kupunguza mvuto wa rafadha pua inapoinuka. Tukaweka sifuri. Tukagusa hiki, tukapunguza kile, mpaka jioni ile ndege ikakimbia juu ya mstari mweupe kama iliyochorewa rula, ikafika mwendo wa yapata kilomita 100 kwa saa, ikainua pua, ikapaa. Tukapeana mikono.

Usiku sikupata usingizi. Nikajiuliza: waliyoiandika ndege ile ni watu wanaojua kazi yao. Kwa nini waipinde makusudi? Asubuhi nikaanza kusoma, na nilichokisoma kikanitia haya kidogo.

Cessna ya kweli huvuta kushoto. Rafadha yake, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Upepo inaousukuma nyuma haunyooki. Hujisokota kuuzunguka mwili wa ndege, ukafika mkiani na kulipiga bawa la wima kwa upande wa kushoto. Mkia husukumwa kulia, na pua huenda kushoto. Tena, injini inapoizungusha rafadha kulia, mwili wa ndege hujibu kwa kujilaza kushoto, na gurudumu la upande huo huelemewa zaidi. Kisha pua inapoinuka, pangaboi linaloshuka upande wa kulia hukata hewa kwa nguvu kuliko lile linalopanda upande wa kushoto, nao msukumo unahamia kulia na kuizidi pua kuigeuza kushoto. Mvuto ule ni kivuli cha nguvu yenyewe: ukiongeza nguvu unazidi, ukipunguza unapungua. Rubani hauondoi. Huujibu kwa mguu wa kulia, akiukanyaga usukani kwa kadiri.

Hapa, wanalugha, nilisimama kidogo nikafurahi. Usukani wa ndege umefungwa mkiani, kama wa jahazi. Vijana wetu wakisikia usukani hufikiria gurudumu mikononi mwa dereva, ilhali neno hili tulilipata baharini, na kitu chenyewe kilikaa tezini, nyuma ya chombo. Ndege imelirudisha neno mahali pake. Rubani naye alikuwa mtu wa bahari kabla hajawa mtu wa anga. Marehemu baba yangu, aliyevua samaki pwani ya Tanga, alikuwa na dau lililokuwa na tabia ya kuelekea upepo. Sikumsikia hata siku moja akisema dau lile bovu. Mkono wake ulilijua, basi.

Nilipomweleza mjukuu, alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa babu, siku nikipanda ya kweli?"

Sikuwa na jibu, maana jibu lilikuwa wazi. Siku hiyo mguu wake wa kulia ungekuwa haujafundishwa kitu, na majani yangekuwa majani ya kweli.

Sasa nirudi nyumbani, kama nilivyoahidi.

Katika miaka ya tisini nilimfundisha binti mmoja wa kidato cha tatu aliyelelewa na bibi yake Mombasa kabla ya kuhamia kwetu. Aliniletea shairi la tarbia kuhusu bibi huyo aliyekuwa amepofuka. Vina vyake vya mwisho katika ubeti wa kwanza vilikuwa "to": mato, mvuto, mito, uzito. Nilitaka liingie katika jarida la shule, nikashika kalamu nyekundu. Mato nikayafanya macho. Kina kikavunjika, kwa hiyo mvuto ukawa kificho, mito nikaifuta kabisa, na uzito ukaondoka pamoja nayo. Ndia ikawa njia. Nti ikawa nchi. Nilipomaliza, mizani ilitimia, vina vilitimia, na Kiswahili kilikuwa sanifu tangu mwanzo hadi mwisho. Shairi likakimbia juu ya mstari mweupe.

Alilisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Akasema, "Ahsante, mwalimu." Hakuniletea jingine.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini haikuniambia nimkunje kuelekea wapi. Mato hayakuwa kosa la binti yule. Yalikuwa ni upepo wa rafadha yake, Kimvita cha bibi aliyemlea, na ndiyo nguvu iliyolipaisha shairi.

Sisemi kwamba kila kilichopinda kiachwe. Katika ndege yetu tulipata pia kosa la kweli: kijana, katika kuchezea orodha ya mafuta, alikuwa ameacha tangi la kushoto limejaa na la kulia tupu, na ndege ikiacha ardhi ililalia bawa moja. Hilo tulilisahihisha bila majuto. Na mshairi aliyepungukiwa na mizani kwa kutohesabu, mwambieni ahesabu. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi, ulizeni kwanza mpindo ule unatoka wapi. Mimi sikuuliza.

Tulirudisha namba zote mahali pake. Kwenye kipakatalishi, usukani hupelekwa kulia kwa kitufe cha Enter, na kijana alikaa siku mbili akikigusa kidogo kidogo, akizidisha, akipunguza, akiingia majani ya kulia badala ya kushoto. Siku ya tatu aliiweka juu ya mstari, ikitetemeka, mpaka ikapaa. Haikunyooka kama ile yetu ya rula. Yeye ndiye aliyeishika.

Shairi la awali sinalo. Karatasi aliondoka nayo mwenyewe, nami nilibaki na nakala yangu safi. Ikiwa binti yule, ambaye sasa ni mama wa makamo, hupita humu kusoma, namwomba neno moja tu. Kama bado unayo, yarudishe mato.