Amepona

Nasoma tafsiri, mwaka wa tatu, na kosa langu kubwa la tafsiri sikulifanya darasani. Nililifanya katika chumba cha watoto cha hospitali moja ya hapa Lubumbashi, mbele ya dada yangu.

Mwanawe alikuwa na miezi mitano. Bronkiolite ilimshika: virusi huingia katika vijitawi vya mwisho vya mapafu, ambavyo kwa mtoto mchanga ni vyembamba mno, navyo huvimba na kujaa makamasi. Njia ikipungua upana kwa nusu, hewa hupita kwa shida mara 16 zaidi. Virusi vilevile mtu mzima huviita mafua tu.

Siku ya kutoka, docta alizungumza Kifaransa, haraka. Alisema ugonjwa umekwisha, lakini mapafu yanaweza kubaki dhaifu kwa miaka. Tuangalie kila mafua, tumweke mtoto mbali na moshi, tumrudishe akianza kupiga filimbi kifuani. Yaya akanigeukia. Alikuwa hajalala vizuri siku sita. Nikasema: «Amepona.»

Nilijiambia nimefupisha. Walimu wetu wana jina lingine la jambo hilo.

Mwezi wa saba, na baridi ya Lubumbashi mnaijua, mtoto akapata mafua. Yaya, kwa mapendo, akaingiza mbabula chumbani apate joto, akafunga dirisha. Saa nane ya usiku kifua kikaanza kulia, mbavu zinazama kila pumzi.

Muuguzi alitoboa chupa ya maji ya plastiki kitakoni, akachomeka pampu ya salbutamoli, akafunga kinyago upande wa mdomo. Niliona aibu, nikidhani ni dawa ya maskini. Baadaye nilisoma kwamba madaktari wa Afrika Kusini waliipima chupa hiyo, na ikizibwa vizuri inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua.

Nilisoma pia juu ya watoto wa Tucson, Marekani, waliofuatwa tangu 1980. Walioshikwa mapafu na virusi vya RSV kabla ya kutimiza miaka mitatu walipiga filimbi kifuani kuliko wenzao. Tofauti ikapungua mwaka kwa mwaka, na kwenye miaka 13 haikuonekana tena. Kama virusi ndivyo vinaharibu njia ya hewa, au vinafichua tu mapafu yaliyozaliwa membamba, wataalamu bado wanabishana.

Basi docta hakusema «amepona». Alisema «anapona», na huko kupona kunaweza kuchukua utoto mzima. Nilikosa silabi moja, nami ndiye ninayesahihisha viambishi vya wenzangu.

Pale hospitalini yaya aliniuliza kitu kimoja tu: «Ulijua?» Nikamjibu ndiyo.

Sasa mtoto ana miaka miwili, pampu iko juu ya kabati, mbabula inabaki uani. Tukienda kontroli, yaya hamtazami docta. Ananitazama mimi mdomoni, na nikinyamaza mapema ananigusa mkono: «Alisema mingi. Ingine iko wapi?»