Mji wa San Sebastián: Vyakula Vyake na Divai ya Vilimani

Kaskazini mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ufaransa, uko mji wa San Sebastián, ambao wenyeji wake Wabaski huuita Donostia. Mji huo umekaa kando ya ghuba iliyopindana kama kombe la chaza, nayo kwa sababu hiyo huitwa La Concha, yaani kombe. Kila upande umesimama mlima mdogo, Urgull huku na Igeldo kule, na katikati ya mlango wa ghuba kipo kisiwa cha Santa Clara, ambacho huyavunja mawimbi kabla hayajafika mchangani. Wakazi wa mji hawafiki laki mbili. Hata hivyo watu husafiri kutoka pande zote za dunia kwenda huko, na wengi wao hawafuati bahari wala majumba. Hufuata chakula.

Mahali pa kuanzia ni Mji Mkongwe, chini ya mlima Urgull. Jina hilo lisimdanganye mtu, maana nyumba zake nyingi si kongwe sana. Tarehe 31 Agosti 1813 majeshi ya Uingereza na Ureno yaliutwaa mji huo kutoka kwa Wafaransa. Kisha askari wale wale waliokuja kama waokozi wakawapora raia, na mji ukaungua karibu wote. Kilichosalia ni makanisa mawili na safu ya nyumba katika mtaa mmoja. Siku chache baadaye wakuu wa mji walikutana Zubieta, nje kidogo ya mji, wakakata shauri kuujenga upya. Ule mtaa uliosalia leo huitwa kwa tarehe ya msiba, 31 de Agosto, nao umejaa baa na mikahawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Mgeni afikaye kwa mara ya kwanza huingia katika baa ya kwanza aionayo, akapewa sahani, akaijaza vitu vyote vilivyopangwa juu ya kaunta, akaketi kama mtu aliyealikwa arusini. Hivyo sivyo ilivyo desturi. Vyakula vile vidogo huitwa pintxo, na jina limetokana na kijiti kinachochomekwa ili kushika kitoweo juu ya kipande cha mkate. Mwenyeji huingia, husimama kaungoni, hula kimoja au viwili, hunywa bilauri ndogo ya divai, hulipa, akaenda baa ya pili. Katika saa mbili aweza kupita baa nne au tano pamoja na rafiki zake. Zamani, na katika baa nyingine hata leo, mtu alijichukulia mwenyewe, na mwishoni akamwambia mwuzaji amekula vingapi, naye akaaminiwa.

Jambo la pili la kujua ni kwamba vilivyo bora mara nyingi havipo juu ya kaunta. Vimeandikwa ubaoni, na hupikwa mtu anapoagiza. Na tena kila baa ina chakula chake inachokijua kupita vingine. Kwa Ganbara watu huenda kula uyoga uliokaangwa pamoja na kiini cha yai. Kwa Nestor hufuata nyanya, nyama ya ng'ombe, na kimanda cha viazi ambacho hupikwa mara mbili tu kwa siku, mchana na jioni. Asiyewahi kujiandikisha mapema hukikosa. Katika baa ya La Viña, iliyofunguliwa mwaka 1959 katika mtaa ule wa 31 de Agosto, mpishi Santiago Rivera alibuni keki ya jibini inayoachwa iungue juu mpaka iwe nyeusi, hali ndani ni laini kama uji mzito. Mama yeyote angedhani imeharibika. Keki hiyo sasa inaigwa hata Japani.

Lakini pintxo iliyo mama wa zote ni ndogo na rahisi. Kijiti kimoja, zeituni moja, pilipili ndefu za kijani zilizolowekwa katika siki, na dagaa wa bahari waliokaa katika chumvi, waitwao antxoa. Huitwa gilda. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa katika baa ya Casa Vallés, ikapewa jina kutokana na sinema ya Gilda ya mwaka 1946, kwa kuwa wateja waliiona ina chumvi, ina rangi ya kijani, na ina ukali, kama yule mwanamke wa kwenye sinema. Pilipili zenyewe hutoka katika mashamba madogo ya kijiji cha Ibarra, nazo haziwashi sana zikichumwa zingali changa.

Na wale dagaa waliwahi kukaribia kwisha. Mabaharia wa pwani hiyo na wa Ufaransa waliwavua kupita kiasi, hata mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaufunga uvuvi wao katika Ghuba ya Biskaya. Ukiacha kipindi kifupi mwaka 2006, nyavu zilikaa bila kazi mpaka mwaka 2010. Kwa mvuvi mwenye deni la mashua, miaka mitano si kitu kidogo, na manung'uniko yalikuwa makubwa bandarini. Samaki walirudi. Tangu hapo uvuvi umepimiwa kiasi chake kila mwaka, na msimu mkuu ni majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Juni. Anayetaka kula antxoa wabichi waliokaangwa kwa vitunguu saumu na afike miezi hiyo. Miezi mingine atapata wa chumvi.

Ni nani aliyewafundisha watu hao kupika? Jibu la kawaida ni kwamba mama zao. Jibu hilo ni kweli, lakini lina kichekesho ndani yake. Tangu karne ya 19 wanaume wa San Sebastián wamekuwa na vyama vya kula, mathalan Unión Artesana kilichoanzishwa mwaka 1870. Wanachama hukodi au hununua nyumba yenye jiko kubwa, hupika kwa zamu, hula pamoja, kisha kila mmoja huandika alichotumia na kuweka fedha sandukuni bila kusimamiwa na mtu. Wakati wa utawala wa Jenerali Franco, uliokwisha mwaka 1975, lugha ya Kibaski ilipokandamizwa, vyama hivyo vilikuwa pahali ambapo watu waliweza kuimba na kuzungumza kwa lugha yao. Walakini kwa muda mrefu wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama, wala kuingia jikoni, hali mapishi yaliyokuwa yakipikwa mle yalikuwa ya mama zao. Vyama vingine vimekwisha fungua mlango; vingine bado vinasitasita.

Mwaka 1976 wapishi kadhaa wa jimbo hilo walijiunga kutengeneza namna mpya ya mapishi ya Kibaski. Wawili kati yao, Juan Mari Arzak na Pedro Subijana, walikuwa wamekwenda Ufaransa kukaa jikoni mwa mpishi mkuu Paul Bocuse. Nyumba ya Arzak ilijengwa na babu na bibi yake mwaka 1897 kuwa kilabu cha divai. Mama yake Paquita ndiye aliyeifanya nyumba ya chakula yenye sifa, na mwaka 1989 ikapata nyota tatu za kitabu cha Michelin. Kula katika nyumba za namna hiyo kwagharimu fedha nyingi mno. Mwenye mfuko mwepesi asihuzunike, kwani anachokula mtaani kimetoka katika maji yale yale na mashamba yale yale.

Sasa kuhusu divai. Mgeni akiagiza divai nyeupe bila kutaja jina, yamkini ataletewa txakoli. Mwuzaji huinua chupa juu ya kichwa na kuimimina kutoka mbali ndani ya bilauri pana, kidogo kidogo, hata ipige povu. Wengi hudhani ni mchezo wa kuwafurahisha wageni. Sivyo. Divai hiyo ina hewa kidogo ndani yake, na kumwagika kwake kutoka juu huiamsha na kuipunguza makali. Ni chachu kama ndimu, ina ladha ya chumvi kwa mbali, na kileo chake ni kama asilimia 11 tu. Hunywewa changa, katika mwaka ule uliofuata mavuno. Asiyeizoea hukunja uso kwenye funda la kwanza. Baada ya gilda moja yenye chumvi na pilipili huelewa kwa nini ilitengenezwa hivyo.

Mizabibu yake ipo juu ya vilima vya Getaria na Zarautz, mwendo wa kilomita ishirini na kitu upande wa magharibi, ikiitazama bahari. Zabibu iliyo kuu huitwa Hondarrabi Zuri. Nchi hiyo ina mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua ni adui wa mzabibu kwa sababu huleta ukungu. Kwa ajili hiyo wakulima wa Getaria hawaiachi mizabibu yao chini. Huipandisha juu ya vichanja virefu kupita kimo cha mtu, majani yakatandaa kama dari na zabibu zikaning'inia chini yake, ili upepo wa bahari upite na kuzikausha. Wakati wa mavuno, Septemba na Oktoba, wachumaji husimama chini ya dari hiyo mikono ikiwa juu kutwa nzima. Miteremko ni mikali, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya mkono.

Katika karne ya 20 mashamba hayo yalipungua sana. Txakoli ilihesabiwa kuwa divai ya wakulima, ya kunywewa nyumbani na katika vilabu vya jirani, na mtu mwenye cheo aliona haya kumwandalia mgeni wake. Vijana walipata mishahara viwandani. Yaliyoiokoa ni mambo mawili yaliyotokea pamoja: wale wapishi wapya waliiweka mezani bila haya, na wenye mashamba wakakubaliana juu ya kanuni. Mwaka 1989 jina la Getariako Txakolina likalindwa kwa sheria. Maana yake ni kwamba hapana mtu awezaye kuliandika jina hilo juu ya chupa ila zabibu ziwe za eneo hilo, na divai iwe imepimwa na kuonjwa na baraza la wakulima na watengenezaji. Divai isiyofaulu hainyang'anywi mwenyewe. Ila hunyimwa jina. Mwanzoni eneo lilikuwa Getaria, Zarautz na Aia tu, na mwaka 2007 likapanuliwa kuwa jimbo lote la Gipuzkoa. Mashamba yake leo yamepita hekta 400. Mengi ni ya jamaa moja moja, na bei ya chupa yao haitegemei tena kibali cha mfanya biashara wa mbali.

Nyama haifai kuliwa na txakoli. Kwa nyama wenyeji hunywa divai nyekundu ya Rioja, itokayo upande wa kusini, au, kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, huenda Astigarraga, kijiji jirani chenye nyumba za pombe ya matofaa iitwayo sagardo. Humo kuna mapipa makubwa kupita mtu. Mwenye nyumba hupaza sauti, "Txotx!", na wote huinuka mezani, hupanga mstari, na kukinga bilauri zao chini ya mchirizi mwembamba unaoruka kutoka pipani. Chakula ni kile kile katika karibu kila nyumba: kimanda cha samaki wa bacalao aliyekaushwa kama ng'onda, kisha samaki huyo huyo pamoja na pilipili mboga, kisha pande la nyama ya ng'ombe iliyochomwa juu ya makaa, na mwisho jibini ya kondoo wa Idiazabal. Mfugaji atastaajabu kusikia kwamba nyama hiyo si ya ndama wala ya dume mchanga. Wanayoisifu ni ya ng'ombe jike mzee, ambaye mara nyingi amekwisha kamuliwa miaka mingi, kwa kuwa mafuta yake yamepenya katikati ya nyama.

Wenyeji hunung'unika kwamba wageni wamejaa Mji Mkongwe hata mwenye nyumba yake hana pa kusimama. Kwa hiyo siku ya Alhamisi jioni ni heri kuvuka mto Urumea kwenda mtaa wa Gros, ambako baa nyingi hutoa kinywaji pamoja na pintxo kwa bei moja ndogo, na Kibaski husikika zaidi ya Kiingereza.

Mwenye siku moja ya ziada apande basi asubuhi hadi Getaria, kijiji alikozaliwa nahodha Juan Sebastián Elcano, aliyerudi mwaka 1522 baada ya kuizunguka dunia, akiwa mmoja wa watu 18 katika merikebu moja. Karibu na bandari majiko ya chuma yamewekwa nje, mlangoni mwa mikahawa, na moshi wake husikika tangu mwanzo wa mtaa. Aagize samaki bapa aitwaye rodaballo, ambaye huchomwa mzima pamoja na mifupa na ngozi yake. Mkahawa wa Elkano, ulioanzishwa na Pedro Arregui mwaka 1964, ndio uliompatia sifa. Mwandikaji humpasua mezani na kuonyesha kwamba nyama ya upande mweusi si sawa na ya upande mweupe, na ya shingoni si sawa na ya mgongoni. Mapezi huliwa kwa mkono, kwa kuyafyonza, kwa maana mafuta yote yamekimbilia huko. Akifika tarehe 17 Januari, siku ya Mtakatifu Antoni, atakuta pia txakoli ya mavuno mapya ikifunguliwa kwa mara ya kwanza, na wakulima wenyewe wamesimama kando ya meza zao wakiwatazama wanywaji usoni.