Mti Mpole wa Milima ya Uvira

Asimamaye ufukoni Uvira alfajiri, jua likichomoza upande wa Burundi, huona mambo mawili kwa pamoja: mbele yake maji ya Ziwa Tanganyika, na nyuma yake milima iliyosimama kama ukuta. Kati ya milima na maji pana ukanda mwembamba wa nchi kavu. Hapo ndipo zilipo nyumba zetu, makanisa, mashule, michikichi, na masoko yanukayo ndagala na mikeke. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira hushuka kutoka milimani na kuukata mji kabla ya kuingia ziwani.

Wasomaji wetu wa Uvira hawana haja ya kukumbushwa tarehe 16 na 17 Aprili 2020. Ilikuwa juma lile lile la Pasaka. Mvua kubwa ilinyesha milimani, Mulongwe ukafurika, na maji yakashuka pamoja na mawe na matope. Makumi ya watu walikufa, na maelfu walibaki bila makao. Tangu siku hizo tumezoea kuutazama mto kwa hofu. Lakini yafaa tuutazame na mlima, kwa maana maji yale hayakuzaliwa mjini. Yalishuka katika miteremko ambayo watu wameiondolea miti kwa ajili ya kuni, makaa na mashamba ya mihogo. Udongo usio na mizizi ya kuushika huenda pamoja na mvua.

Basi na tupande. Kadiri tuachavyo ziwa chini yetu, joto hupungua na upepo hubadilika. Mbele zaidi, upande wa Itombwe, vilele hupita mita 3,000. Huko juu, kando ya vijito vya maji baridi, huota mti ambao wataalamu huuita Ilex mitis. Gome lake ni la rangi ya majivu. Majani yake hung'aa, na vikonyo vyake huelekea rangi ya zambarau. Maua yake ni madogo, meupe; matunda yake ni madogo pia, mekundu, na ndege huyapenda sana. Hata wakati wa kiangazi mti huu hubaki na majani mabichi.

Mti huu unao ndugu wa mbali huko Ulaya, ambao Wafaransa huuita houx. Majira ya baridi, miti mingi ya huko ikiwa mitupu, houx husimama na majani yake mabichi na matunda yake mekundu. Kwa sababu hiyo Wakristo wa huko huyatumia matawi yake kupamba nyumba na makanisa wakati wa Noeli. Majani yake yana miiba, nao huiona kama ukumbusho wa taji la Bwana wetu. Matunda huwakumbusha matone ya Damu yake takatifu.

Lakini mti wetu wa Afrika hauna miiba. Ndiyo maana wataalamu waliupa jina la mitis, neno la Kilatini lenye maana ya mpole. Ni neno lile lile lililomo katika Injili ya Mateo, mlango wa 11, kwa Kilatini, pale Yesu anapousema moyo wake. Nao mti huu ni mpole kweli: hauchomi mtu, hulisha ndege, na mizizi yake hushika kingo za kijito bila kelele.

Ninyi mkaao milimani mwaweza kuupanda karibu na nyumba zenu. Chumeni matunda yaliyoiva, ondoeni nyama yake kwa maji, na mpande mbegu zingali mbichi katika kitalu chenye kivuli na udongo wa majani yaliyooza. Msikate tamaa zikikawia kuota, wala msiache udongo ukauke. Mvua za kwanza zikianza, hamisheni miche. Mtakao kuufanya ua wa nyumba, pandeni mche kila hatua moja, na mkate ncha mapema ili matawi yasongane chini. Jueni pia kwamba kuna mti dume na mti jike, kama ilivyo kwa mipapai. Anayepanda mmoja tu asishangae kukosa matunda. Ukiachwa bila kukatwa, mti huu huwa mrefu sana, basi usipandwe chini ya ukuta.

Na sisi wa ufukoni je? Kwetu kuna joto kali, na mti huu hupenda ubaridi na maji. Tusiushushe kwa nguvu. Kila mti una mahali ambapo Mungu aliuweka. Ua wa hibisko hustawi hapa, na mnyaa huvumilia ukame. Lakini watoto waonywe wasiucheze mnyaa, kwa kuwa utomvu wake huunguza na waweza kupofusha macho. Kwenye kingo za mito tuache matete na mianzi isimame, na katika mteremko tupande mistari ya kukinga maji, siyo ya kushuka nayo.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu sote. Watu wa Uvira twaweza kulielewa neno hilo vizuri kuliko wengi. Akatapo mti kijitoni huko juu, mtu hamwoni jirani yake wa bondeni. Lakini mvua itawakutanisha. Amri ya kumpenda jirani haina mpaka wa kilima.

Nanyi wanafunzi, mkipanda mlimani siku za likizo, utafuteni mti huo mpole kando ya maji. Chukueni matunda machache tu, mengine muwaachie ndege, kwa maana nao hupanda. Kisha mpande yenu. Sisi wazee huenda tusikae katika kivuli chake, lakini mtoto atakayezaliwa chini huko, karibu na Mulongwe, atalala usiku wa mvua bila hofu.