Kiini cha Rejeta

Kati ya viungo vyote vya motakaa hakuna kinachodharauliwa kama rejeta. Injini husifiwa kwa nguvu zake, taa kwa mwanga wake, breki kwa uaminifu wake, na hata honi ina wapenzi wake. Rejeta hukaa mbele ya vyote, ikapigwa na upepo, vumbi na wadudu, wala haitajwi ila siku inapovuja. Kazi yake ni kupokea joto la injini na kulitupa hewani. Maji ya moto huingia chombo chake cha juu, hushuka katika mirija myembamba iliyoshikana na mapezi ya shaba, hupoa njiani, yakarudi katika injini kwa chombo cha chini. Mirija hiyo pamoja na mapezi yake ndiyo kiini cha rejeta. Kiini kikioza, kila kitu kingine chaweza kuwa kizima na safari isiwezekane.

Motakaa yetu ni Land Rover ya mwaka 1967. Marehemu baba aliinunua kuukuu, akatuachia pamoja na shamba la migomba na kahawa huko Kamachumu, wilaya ya Muleba. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu magari ya namna hii yalipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa haba baada ya vita. Kwa hiyo bodi haina kutu ya kutisha. Rejeta ni ya shaba, na rejeta ndiyo iliyotushinda.

Mtu atokaye Bukoba kwenda Kamachumu hupita Kemondo na Muhutwe, kisha barabara huliacha ziwa nyuma na kuanza kupanda. Mlima huo ulikuwa hakimu wa rejeta yetu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Bukoba huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama ya Tanga au Dar es Salaam. Huko mlimani huchemka mapema zaidi. Kifuniko cha rejeta kimetiwa springi ili kiubane mvuke na kuyachelewesha maji yasichemke. Lakini rejeta inayovuja haiwezi kuuzuia msukumo wa mvuke, na kifuniko juu yake ni sawa na mlango mzuri wa nyumba isiyo na kuta.

Dawa za rejeta inayovuja ni nyingi kama dawa za mafua. Wako watiao yai bichi, wako watiao bizari, na wengine husugua kipande cha sabuni juu ya ufa. Sisemi kwamba dawa hizi ni uongo. Yai huganda kwa joto likaziba tundu. Walakini halina macho ya kuchagua tundu, nalo huiziba mirija mizima pamoja na mibovu. Mafundi nao wana desturi ya kuubana mrija uliotoboka na kuutia lehemu pande zote mbili, ukafa. Kuvuja huisha, lakini njia ya maji imepungua, na joto lile lile sasa latafuta mirija michache zaidi. Baada ya miaka mingi ya tiba hizo, gari hukauka kwa nje na kuungua kwa ndani.

Jambo hili halikuwa mchezo kwetu. Mama, ambaye amebaki Kamachumu, hana budi kushuka mjini kila mwezi kuonana na tabibu, na gari hilo ndilo miguu yake. Mwezi Julai 2021 ndugu tulikaa shauri nyumbani kwangu Kashai. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja na mizani yake, akaitazama shaba kwa jicho la upendo. Kaka yangu mkubwa alitaka tununue rejeta mpya ya alumini yenye vyombo vya plastiki, iliyoundwa kwa gari jingine, ifungwe kwa vyuma vya kuchomelea. Hoja zake zilikuwa na uzito. Alumini ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na waunda motakaa wengi wameihamia tangu miaka ya 1970. Mimi nilitaka kiini kipya cha shaba katika vyombo vile vile vya zamani. Shaba hupitisha joto kupita alumini kwa zaidi ya mara moja na nusu. Lakini hiyo haikuwa hoja yangu kubwa, maana rejeta ya alumini iliyoundwa vyema hupoza vyema. Nilisema kwamba shaba ikipasuka Kamachumu, mtu mwenye mkaa na lehemu aweza kuiponya, na plastiki ikipasuka, mgonjwa atalala njiani.

Tuliafikiana kwa sharti gumu: fedha hizo ziwe za mwisho. Gari likichemka tena mlimani liuzwe, na mama ahamie mjini, jambo ambalo mwenyewe hataki kulisikia.

Fundi tuliyemwendea ni mzee wa hapa hapa Kashai. Karakana yake ni paa la bati juu ya nguzo nne na ukuta mmoja. Kuta nyingine zilianguka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, naye hakuona haja ya kuzirudisha, kwa kuwa sasa moshi hupata njia. Aliiacha injini ipoe kabisa. (Nimewahi kuuona mkono wa utingo aliyefungua kifuniko cha rejeta iliyochemka, na sipendi kuusimulia.) Akafungua bilula ya chini, maji yakatoka mekundu kama tope la matofali. Akaondoa uso wa gari, nyaya za taa na mipira miwili ya maji, akaitoa rejeta, akaiziba midomo yake, akaitosa katika pipa lililokatwa na kuitia upepo kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yalitoka mahali pengi hata akaacha kuhesabu. Mirija iliyouawa na mafundi wa nyuma ilikuwa 13.

"Mwanangu," akaniambia, "hii si rejeta tena, ni chujio."

Kiini kipya kiliagizwa Mwanza, kikaja kwa meli ya Victoria, ambayo ilianza kazi ziwani mwaka 1961, ikasimama miaka kadhaa, ikatengenezwa upya na kurudi safarini mwaka 2020. Mchukuzi wa mzigo na motakaa iliyoungojea ni wa rika moja.

Siku ya kulehemu nilikaa karibu kutazama. Lehemu ni ndoa ya bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232, na risasi kwenye 327; lakini sehemu 63 za bati zikichanganywa na 37 za risasi, huyeyuka zote kwenye 183. Shaba hungoja mpaka 1,085. Katika nafasi hiyo pana ndimo ilimo riziki ya fundi wa rejeta. Upo mtego mmoja: joto husafiri upesi katika shaba, na mtu aweza kuunga upande huu huku akiufungua upande ule. Kwa hiyo mzee aliviringisha matambara mabichi kila mahali asipotaka pafunguke. Shaba chafu haishiki lehemu. Aliikwangua mpaka ikang'aa, akaipaka asidi ambayo alikuwa ameitia vipande vya zinki kutoka maganda ya betri kuukuu za tochi. Watoto walifukuzwa kwa ajili ya mvuke wake. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa kipande kizito cha shaba chenye mpini mrefu, nacho kilitoka katika mkaa, kikapita juu ya ungio mara moja tu, bila kurudi, lehemu ikakifuata kama maji yafuatavyo mfereji. Pipani lilitoka povu moja, shingoni mwa bomba la juu. Aliliponya, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili kwa sababu ya risasi, ndipo akala.

Jumamosi tulipanda, kaka akiendesha. Iko nyumba moja konani mlimani ambako kwa miaka mingi tuliomba maji. Mtoto wa hapo alipoliona gari alitoka na ndoo. Kaka akasimama, akatazama sindano ya joto, ikawa katikati; akamwambia mtoto ainyweshe mbuzi, akanunua maparachichi, tukaendelea. Jumatatu mama alishuka kwa tabibu, akiulizauliza mbona hatupumziki.

Kiini cha zamani alikichukua fundi kwa mizani, kikapunguza deni. Kaka bado asema fedha ilizidi, na kila tufikapo Muhutwe hushuka, akapapasa chini ya rejeta kutafuta tone.