Rangi Juu ya Askari wa Mti: Kumbukumbu ya Vinyago Vidogo vya Ukambani

Vita vya mezani ni mchezo ambao washindani hupanga majeshi ya sanamu ndogo, nyingi zikiwa fupi kuliko kidole, na kuyapiganisha kwa kanuni zilizoandikwa. Kitabu kilichoutambulisha mchezo huo kwa watu wa kawaida, Little Wars cha Mwingereza H. G. Wells, kilitoka mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilizuka, vikafika Afrika Mashariki, na maelfu ya vijana wa Ukambani, eneo la Wakamba nchini Kenya, wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, katika kikosi kilichoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na la Kariokor mjini Nairobi. Katika safari hiyo ya taabu ndimo ulimoanzia ufundi uliowapa Wakamba jeshi lao la sanamu, yaani askari wa mti wenye mkuki na ngao, ambao kwa zaidi ya nusu karne wameuzwa kando ya barabara za Kitui na Makueni.

Mtu anayetajwa daima katika habari hizi ni Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekuwa tayari anachonga vigoda na bakora kabla ya kupelekwa Tanganyika, ambako alikutana na wachongaji wa Kizaramo na kujifunza kwao kuchonga sanamu za kuuza. Wamunyu iko Machakos, karibu na mpaka wa Kitui, na Makueni yenyewe ilikuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992, kwa hiyo ufundi alioufundisha jamaa na majirani ulienea bila kujali mipaka iliyochorwa baadaye. Kufikia mwaka 1958 biashara hiyo ilikuwa imekua kiasi cha kuandikiwa makala ya kitaaluma na mchumi Walter Elkan.

Askari wa mwanzo hakuhitaji rangi. Alichongwa kwa mpingo, mti ambao kiini chake ni cheusi na tabaka la mti linalokizunguka ni la manjano hafifu, na fundi hodari alijua kuuacha ukanda huo wa manjano mahali palipomfaa, pengine kwenye ukingo wa ngao au kwenye shuka. Baada ya tezo, ambalo ni shoka dogo lenye makali yaliyokingama, kilifuata kisu, kisha msasa wa madaraja kadhaa, na mwisho nta ya kung'arisha.

Aliyekulia Makueni katika miaka ya 1980, na kupita mara kwa mara Makindu au Mtito Andei ambako mabasi ya Mombasa yalisimama, anakumbuka kitu tofauti: harufu ya rangi ya viatu. Wakati huo askari wengi walikuwa wa miti myepesi zaidi, na kopo la rangi ya viatu, nyeusi au ya kahawia, lilikuwa kifaa cha kazi sawa na kisu. Watu wengi wanaoandika juu ya vinyago huipita hatua hii haraka, kana kwamba ni kupaka tu, ilhali ina maarifa yake. Rangi ilisuguliwa kwa kitambaa hadi ikaingia katika mikunjo yote ya shuka, katika misuko ya nywele na chini ya kidevu. Kisha, kabla haijakauka kabisa, sehemu zilizoinuka kama pua, mashavu na magoti zilifutwa kwa kitambaa safi, zikabaki na wangavu wa mti wenyewe. Kwa njia hiyo kivuli kilikaa bondeni na mwanga ukakaa kileleni, na uso uliochongwa kwa makato machache ukaonekana kuwa na uhai ambao kisu hakikuutia.

Hiyo ndiyo kanuni ileile inayofuatwa na wapaka rangi wa Ulaya wanaoandaa majeshi ya vibeti, wale watu wafupi wenye ndevu ndefu wanaosimuliwa katika ngano za kaskazini kuwa wafua vyuma wa chini ya milima, na ambao mchezo wa Warhammer, uliotolewa Uingereza mwaka 1983, uliwafanya kuwa moja ya majeshi yake. Mpenzi wa mchezo huo hupaka kwanza rangi ya msingi, humwaga rangi ya majimaji inayotiririkia katika mifereji ya ndevu na deraya, kisha hupitisha brashi iliyokaribia kukauka juu ya sehemu zilizoinuka. Tofauti ni kwamba yeye hupaka ili abaki na jeshi lake mwenyewe, ilhali wa Makindu alipaka ili askari aondoke kabla ya jioni.

Rangi za kopo zilikuja kwa wingi baadaye, shuka ikawa nyekundu ya kweli na shanga zikawekwa kwa nukta nyeupe na buluu. Wapo walioliona badiliko hilo kama anguko la sanaa, lakini hoja yao ina upungufu, kwa sababu askari huyo alikuwa mfano wa Mmaasai, na aliyemnunua alitaka Mmaasai aliyemwona njiani, na Mmaasai huyo hakuvaa nyeusi.

Kilichosukuma badiliko zaidi ni kuadimika kwa miti. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na katika nyika za Kitui na Makueni ulikatwa kwa vinyago na kuchomwa makaa pia. Januari 2017 jamii nzima ya miti inayohusisha mpingo iliingizwa katika udhibiti wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Januari 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa. Wachongaji walikuwa wameshahamia kwenye mwarubaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua upesi, na bila rangi uhamaji huo usingewezekana. Udanganyifu nao ulipata mlango, kwani mti mwepesi uliosuguliwa rangi nyeusi uliuzwa kwa bei ya mpingo. Mnunuzi mwenye shaka anaweza kumkwaruza askari chini ya nyayo, au kumtia katika ndoo ya maji, kwa maana mpingo huzama.

Soko nalo limedhoofika: treni mpya ya Mombasa ya mwaka 2017 iliyapunguzia mabasi abiria, na mwaka 2020 ugonjwa wa Covid-19 uliwazuia watalii wengi. Vyama vya ushirika vya wachongaji vingali vipo. Hata hivyo, mfumo wa kazi una dosari moja ambayo haikuanza jana. Mwanachama ni mchongaji, na kipande huhesabiwa kuwa chake, ilhali kazi ya msasa na rangi, ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake na vijana, hulipwa kwa kipande na haiachi jina popote. Vyama hivyo vingetenda haki kwa kuwaandikisha wapaka rangi kama mafundi kamili, na makumbusho yanayohifadhi vinyago vya Ukambani yaanze kuuliza, kabla wazee hawajaondoka, ni nani aliyekipaka kila kimoja na kwa rangi gani.